Mjadala: Je, kiongozi wa kundi anaweza kuruhusu wanachama wote wachorwe kwenye ramani?

Ndugu zangu wa Kampala, Jinja, Arua na kwingineko, naomba tulijadili hili. Juma lililopita mtafiti mmoja aliingia kundi letu la WhatsApp la wafanyabiashara wadogo, akaomba kuchora ramani ya mapendeleo ya watu mitandaoni. Kiongozi akakubali palepale. Nilipouliza, mwenzetu akajibu: "Hachukui majina, shida iko wapi?"

Ramani yenyewe ni hesabu ya nani yumo kundi gani. Wauza mitumba wa soko la Owino wakionekana wengi pia katika kundi la mikopo, makundi hayo mawili huunganishwa kwa mstari mnene. Wasipoonekana, hakuna mstari. Rudia hivyo kwa maelfu ya makundi, nayo yatajitenga kama visiwa vya Ssese: huku kahawa, huku mpira, kule ibada, kule siasa. Hakuna ujumbe hata mmoja uliosomwa. Na faida ipo, sikatai. Ebola ilipozuka Mubende mwaka 2022, ramani kama hiyo ingeonyesha habari sahihi ipitie wapi ili ifike upesi.

Sasa mfikirie mama ninayepakana naye sokoni. Yumo kundi la kwaya, la wazazi wa shule, na la wagonjwa wa kisukari. Ugonjwa wake ameniambia mimi tu. Futeni jina lake mkitaka. Ni mama gani mwingine wa soko lile aliyemo katika yote matatu? Mwaka 2006 kampuni ya intaneti ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno waliyotafuta mtandaoni watu wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Haikupita muda, waandishi wa habari wakafuata maneno aliyotafuta mama mmoja, wakamfikia hadi nyumbani kwake.

Kifungu cha 9 cha Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 kinazuia kukusanya taarifa za dini na msimamo wa kisiasa wa mtu, isipokuwa kwa masharti maalumu. Mchora ramani haulizi dini yako wala chama chako. Anavikisia kutokana na makundi yako, na mara nyingi anapatia. Kwangu mimi huko ni kukusanya kwa mlango wa nyuma. Na hapa ndipo Facebook ilipofungwa Januari 2021, uchaguzi ukiwa mlangoni, tukabaki kuingia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi. Orodha ya nani yumo kundi gani la siasa ikivuja, atakayeumia ni mwanachama, si mtafiti.

Ningekubali kwa masharti: ibaki mistari kati ya makundi tu, orodha ya wanachama ifutwe, makundi ya wagonjwa yasiguswe kabisa, na kila mwanachama aulizwe mwenyewe. Kiongozi alikabidhiwa kazi ya kuongoza mazungumzo, hakukabidhiwa siri zetu. Wewe unayesema ruhusa yake inatosha, nieleze: aliipata kwa nani?