Mama porini wiki sita, baba nyumbani: tatizo liko wapi?

Jamani wana Arusha na Moshi, nisaidieni mawazo, ila msinirushie madongo kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni mpishi. Nilianza kwa kuosha sufuria kwenye hoteli moja hapa mjini, leo ni mwaka wa tisa na nasimamia zamu ya asubuhi. Wiki iliyopita nimepata kazi niliyoiota tangu enzi za sufuria: mpishi mkuu kwenye kambi ya watalii kule Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, nyumbu wanakovukia Mto Mara. Jiko langu, menyu yangu, vijana sita chini yangu. Mshahara karibu mara mbili ya huu, tipu pembeni. Rosta ni wiki sita porini, wiki mbili nyumbani. Nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ana miaka minne. Mume wangu ni fundi magari, gereji yake iko Sakina, dakika kumi kwa mguu kutoka tunapokaa.

Mume kasema nenda. Mama mkwe kapiga simu kutoka Machame, hata salamu hakutoa: "Ulizaa ili alee nani?"

Sasa hapo ndipo ninapotaka tujadiliane. Mtaani kwetu nikianza kuhesabu baba walio madereva wa watalii, wapishi wa kambi na wagumu, wale wabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, vidole vinaniishia kabla sijafika njia panda. Msimu wa wageni ukianza hawaonekani. Hakuna mtu amewahi kuwapigia simu kuwauliza atalea nani. Wao wanaitwa watafutaji. Mimi naitwa nini?

Halafu nikashika kalamu. Mzunguko mmoja ni wiki nane, kwa mwaka inaingia mara sita na nusu, kwa hiyo nitakuwa nyumbani siku 91. Sasa hivi nina ofu moja kwa wiki, siku 52, weka likizo ya siku 28 ni 80, toa ofu nne zinazomezwa ndani ya likizo, zinabaki 76. Siku nyingine zote natoka saa kumi na moja alfajiri mdogo amelala, narudi jioni miguu imevimba. Juzi nilisinzia nikimlisha, kijiko mkononi. Nilivyozinduka alikuwa ameshajilisha mwenyewe, na mimi kanifunika kanga.

Hayo ndiyo mnayoyaita kuwa karibu na watoto? Karibuni.

Dereva wa watalii, miaka 14 barabarani

Dada, hesabu yako iko sawa ila siku hazina uzito mmoja. Shule zinafungwa Juni na Desemba. Wageni wanajaa lini? Juni kuendelea, na Desemba. Kambi zinapumua Aprili na Mei, masika yanapiga, na ofu ndefu ndipo zinapogawiwa. Wakati huo wanao wako shule. Utakaa nyumbani unaangalia sare zinavyokataa kukauka kwenye kamba. Na Desemba, ukoo mzima uko Machame, ndafu iko mezani, wewe uko Kogatende unapamba keki ya Krismasi ya watu usiowajua.

Ni kweli mimi hakuna aliyeniuliza. Laiti wangeniuliza.

Mama mwenye duka, Ngaramtoni

Mimi nalala na wanangu kila siku ya Mungu, na duka nafunga saa nne usiku. Wanaujua mgongo wangu kuliko uso. Nenda, mama mwenzangu.

Mtoto wa mgumu, Marangu

Sikupanga kuandika, ila hilo la "watafutaji" limenigusa. Baba alikuwa mgumu. Siku sita mlimani, anashuka, anakaa siku mbili tatu, anapanda tena. Ada yangu yote ilibebwa kichwani mwake na siwezi kumlaumu. Ila nakumbuka begi. Hakuwa analifungua. Lilikaa nyuma ya mlango, linanuka mafuta ya taa, na sisi tukitoka shule tulichungulia nyuma ya mlango kwanza kabla ya kuita "baba". Begi likiwepo, yupo.

Sasa nina miaka 31 na nikienda kumsalimia bado nachungulia. Kwa hiyo dada, hoja yako kwamba wanaume wanafanya hivyo kila siku ni ya kweli, lakini inathibitisha nini? Kwamba na wewe ufanye, au kwamba na wao haikuwa sawa?

Afisa utumishi, mjini Moshi

Niongeze jambo la karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Kwenye mzunguko wako wa wiki nane, siku za mapumziko peke yake ni nane. Likizo ya mwaka ukiigawa inakuangukia kama siku nne kila mzunguko. Hizo ni 12. Kwa hiyo kati ya zile siku 14 zinazotolewa kama hisani ya kambi, mbili tu ndizo hisani. Kabla hujasaini uliza: likizo yangu imo humo, au iko pembeni? Jibu liwe la maandishi.

Uliza na hili. Sheria hiyohiyo inatoa angalau siku nne za malipo katika kila miezi 36 ya kazi, mtoto akiugua au ukifiwa. Kutoka Kogatende, kindege kimejaa wageni, siku moja unaimaliza unasubiri kiti. Nani analipa nauli?

Na kwa wanaoshangaa mama mkwe katoa wapi swali lake: sheria hiyo ilipotungwa ilimpa mama siku 84 za uzazi, baba 3.

Mzee wa Kibosho

Binti yangu, wote wanakuuliza wewe. Mimi namuuliza fundi. Kusema "nenda" ni bure. Ameshapeleka mtoto kliniki peke yake? Anajua daftari la hesabu liko wapi? Kabla hujapanda hicho kindege, kaa hapohapo nyumbani wiki moja usiguse kitu. Usimkumbushe. Ukishindwa kunyamaza, tatizo si Serengeti.

Mwandishi wa mada

Nimerudi. Nimechelewa kwa sababu ya huyo mzee.

Nilianza Jumatatu. Siku ya kwanza mkubwa alienda shule bila daftari, uji haukuwa na sukari, na mimi nimeuma ulimi mpaka basi. Jumatano fundi aliweka kengele ya simu saa kumi na moja kasoro, bila kuambiwa. Alhamisi usiku mdogo akapandwa na homa. Nilimsikia akija, miguu inaburuza kandambili za baba yake. Akanipita. Akazunguka kitanda mpaka upande wa pili, akamgusa baba yake begani. Wakatoka wote wawili kutafuta kipimajoto, mimi nimelala macho kodo, natamani niitwe.

Sikuitwa. Ndicho nilichokuwa nakitaka, nimekipata, na nililia.

Kambi nayo imejibu: likizo imo humohumo. Nimewaandikia nataka wiki nne kwa mbili na likizo iwe pembeni. Wamesema cheo hiki hakina mtu wa kushikia, watafikiria, jibu Ijumaa. Wakikataa nadhani sitaenda. Nasema nadhani, maana kisu changu cha kazi nimeshakinoa.

Mtoto wa Marangu, swali lako sijalijibu na sina jibu. Dereva, wewe nakuuliza: katika miaka yote 14, Desemba nyumbani umepata ngapi?

Dereva wa watalii, miaka 14 barabarani

Mbili. Moja nilikuwa na malaria.