Ushauri: AC ya Fielder ina baridi lakini upepo hafifu

Dereva_Mvita: Salaam aleikum ndugu zangu. Gari ni Toyota Fielder NZE141, AC ya kuzungusha kwa mkono. Baridi ipo, ila hata nikiweka feni namba 4 upepo haunifiki usoni. Feni yavuma sana ndani ya dashibodi, kwenye matundu chatoka kidogo tu. Namba zote nne zafanya kazi. Nikishika njia ya Malindi, kabla ya kufika Kilifi upepo huzidi kupungua hadi karibu kukatika. Fundi mmoja ataka kuniongezea gesi. Nikubali?

Fundi_Baridi: Waaleikum salaam. Usikubali bado. Gesi kazi yake ni baridi. Upepo ni kazi ya feni na njia inayopita hewa. Risista ya feni (kifaa cha kupunguza kasi yake) nayo iache, maana ikiungua kwa kawaida namba za chini hufa ikabaki 4 peke yake. Feni ikivuma na upepo usitoke, mara nyingi njia imeziba.

Anza na filta ya AC. Husahaulika kwa sababu sevisi nyingi huishia kwenye oili. Fungua kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, chomoa kile kijikono cha kukizuia kisianguke, kisha bana kuta zake mbili kwa ndani kishuke chote. Nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki, filta imo humo. Itoe, washa feni namba 4 bila filta. Upepo ukirudi, umempata mwizi. Usiipulize kwa mashine ya upepo ukairudisha: nyuzi huchanika na vumbi huenda kuganda kwenye evaporeta (kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi), ambako kusafisha ni kazi kubwa. Nunua mpya, mshale ulioandikwa UP uelekee juu. Badilisha kila kilomita 10,000 hadi 15,000, na mapema zaidi ukipita barabara za vumbi.

Binti_Kisauni: Kabla hujafungua chochote, linganisha kitufe cha hewa ya ndani na cha hewa ya nje. Ya ndani ikiizidi ya nje nguvu kwa mbali, basi huenda majani yameziba wavu ulio chini ya waipa. Wanaoegesha chini ya mwembe au mwarobaini hukumbwa sana na hili. Zote zikiwa dhaifu sawasawa, tafuta kwenye filta, feni au evaporeta.

Jambo jingine: kama feni iliwahi kubadilishwa, hakikisha nyaya hazikugeuzwa. Feni ya aina hii ikizunguka kinyume bado hupuliza upande ule ule, ila kwa nguvu ndogo na kelele nyingi. Hili huwachanganya mafundi wengi.

Dereva_Mvita: Shukran dada. Feni ni ile ile ya tangu mwanzo. Hewa ya ndani na ya nje zote dhaifu. Filta nimeitoa: nyeusi tititi, na majani makavu juu yake. Bila filta upepo umeongezeka sana, ila haujafikia wa gari jipya.

Fundi_Baridi: Basi teremsha feni yenyewe. Iko chini ya kisanduku kile kile: chomoa waya, fungua skrubu tatu, itashuka. Safisha kila kipepeo (ubapa wa kusukumia hewa) kwa mswaki mkavu. Vipepeo vikijaa vumbi huzunguka bila kusukuma hewa. Ukiirudisha, pima umeme kwenye soketi yake ikiwa namba 4 na injini inanguruma: upate zaidi ya volti 12. Ukipata 10 au 11, angalia soketi iliyoungua na waya wa adhi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari). Kwa hewa yetu ya chumvi, kutu kwenye adhi si jambo geni.

Mzee_wa_Makupa: Hamjajibu lile la Kilifi. Upepo unaopungua safarini ni dalili ya evaporeta kuganda barafu. Mwanangu, ukifika hali hiyo zima AC, acha feni namba 4 kwa dakika 10 hadi 15. Upepo ukirudi na maji mengi yakamwagika chini ya gari, ni barafu. Filta iliyoziba yaweza kuileta, kwani hewa ikipita kidogo evaporeta hupoa kupita kiasi, na unyevu wa Pwani hugandia hapo. Weka filta mpya, ujaribu tena njia ile ile. Ikiganda tena, zimebaki sababu mbili kubwa: thamista (kipima baridi) ya evaporeta haikati komprasa (pampu ya gesi), au gesi imepungua.

Dereva_Mvita: Na gesi ikiwa imepungua, Mzee, si fundi alikuwa sahihi?

Mzee_wa_Makupa: La. Ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza juu juu ni kumwaga pesa. Atafute panapovuja kwa rangi ya kupimia au povu la sabuni kwenye maungio, azibe, anyonye hewa kwa pampu angalau nusu saa, kisha ajaze gesi ya R134a kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Asiyekuwa na mizani mwache. Gesi ikizidi, presha hupanda na komprasa huumia.

Binti_Kisauni: Na evaporeta ikibidi kusafishwa, tumia povu maalumu, injini imezimwa, ungoje dakika 20 litiririkie bomba la maji. Usikubali mashine ya presha wala asidi: mapezi ya alumini hulala au kuliwa. Zulia la abiria likilowa, mara nyingi bomba hilo ndilo limeziba.