Maktaba "kwa wote", halafu kitabu kinasomwa "ukurasa mtupu"!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Mimi sioni. Kompyuta naitumia kwa msaada wa NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini. Jana nimepoteza saa tatu kwenye maktaba moja ya kidijitali inayojitangaza kuwa iko wazi kwa kila mtu. Vitufe vyake havina majina. Nasikia "kitufe, kitufe, kitufe". Kipi cha kupakua, kipi cha kurudi nyuma? Nabahatisha tu. Hatimaye kitabu nimekipata, nimekifungua: ukurasa mtupu. Wa pili, mtupu. Mpaka wa mwisho.

Kumbe si kitupu! Walichofanya ni kupiga picha kurasa, wakazifunga kwenye PDF, kazi ikaishia hapo. Mwenye macho anasoma maneno, programu yangu inakuta picha isiyo na herufi hata moja. Na msiniambie teknolojia bado changa. Mwaka 1976 Ray Kurzweil alionyesha hadharani mashine ya kuwasomea wasioona vitabu vilivyochapwa. 1976!

Nimewaandikia wahusika. Jibu: "Tafuta mtu akusomee." Hivi nikitaka kusoma kuhusu ugonjwa wangu mwenyewe, nimwite jirani aje anisomee? Jibu hilo limeniuma kuliko zile saa tatu.

Hakimiliki nayo isiwe kichaka cha kujifichia. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaotumika tangu 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu vitabu kutengenezwa katika miundo tunayoweza kuisoma, bila kumwomba kibali mwenye haki. Zaidi ya hapo, hicho nilichokitafuta hakimiliki yake ilishaisha zamani!

Kuendesha programu ya kutambua herufi ni mwanzo tu, maana majedwali na kurasa za safu mbili huwa inazivuruga, lazima mtu apitie. Vichwa vya sura viwekewe alama ili niruke hadi sura ya saba bila kusikiliza sita za mwanzo. Wenzangu wenye uoni hafifu nao wakiikuza hiyo picha, herufi zinafifia na mstari unatoka nje ya skrini.

Kama humu kuna anayefanya kazi ya kuskani vitabu, ajitokeze anijibu: kabla hamjakipandisha, mnakijaribu kwa kisoma skrini hata ukurasa mmoja?