Mafundi polishi wa Dar, mnakula rangi za gari zetu halafu mnatuuzia mng'ao wa wiki mbili!

Wakuu salaam. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa bei za kuosha gari, hili ni jambo jingine kabisa.

Nina Toyota Crown nyeusi. Mwenye gari nyeusi hapa mjini anajua mateso yake. Ikiwa kivulini inapendeza, lakini ingia nayo sheli usiku, zile taa zipige kwenye boneti, utaona utando wa buibui umezunguka kila taa. Mikwaruzo hiyo haikutoka nayo Japani. Imetengenezwa hapa hapa na vijana wa kuosha: ndoo moja, maji ya kahawia, sabuni ya unga ya kufulia, na kitambaa ambacho kimetoka kufuta rimu za daladala sasa hivi. Kikianguka kwenye mchanga kinakung'utwa gotini, kazi inaendelea.

Haya, nikaipeleka kwa hao wanaojiita wataalamu wa kurudisha rangi. 150,000. "Bosi, ikitoka hapa utajitazama humo ukinyoa ndevu." Jamaa akaipitishia maji juu juu, hakuvuta ule uchafu ulioganda kwenye rangi, hakujaribu kwanza sehemu ndogo, akamwaga kampaundi (ile dawa ya kusugua rangi) na kuwasha grainda. Grainda ya mchomeleaji kabisa, kaifunga pedi ya manyoya mbele! Nimesimama pale naangalia ile pedi inavyogeuka nyeusi tii. Nikamuuliza mbona hivyo? "Uchafu huo bosi, ulikuwa umejaa sana."

Uchafu gani wewe! Nyeusi ya Toyota yenye kodi 202, yaani namba ya rangi, kwenye gari nyingi ni rangi tupu, haina klia (ile tabaka angavu ya kulinda rangi) juu yake. Kodi imeandikwa kwenye kibati cha gari, kuisoma ni sekunde tano. Kile cheusi kwenye pedi kilikuwa ni rangi yangu. Sikatai, hata fundi mzuri akiisugua itatoka kidogo, maana mikwaruzo haizibwi, unaishusha rangi yote mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Ila fundi mzuri anajua anachotoa na anajua aishie wapi. Huyu alikuwa anapiga tu. Kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, pale bati linapojikunja ambapo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine, sasa hivi praima, ile rangi ya msingi ya chini, inachungulia.

Na nyie wenye klia msishangilie. Klia ya kiwandani mara nyingi ni kama mikroni 40 mpaka 50, yaani hata sehemu moja ya kumi ya milimita haifiki. Kila anayekuja na kampaundi kali anakata humo humo. Ikiisha, jua linamalizia: inafifia, inabanduka, hapo dawa ni kupuliza upya.

Kinachoniuma zaidi ni ule usanii wa mwisho. Baada ya grainda akapaka kitu chenye mafuta mafuta, gari ikawaka kweli, nikalipa. Kumbe kile kitu kazi yake ni kujaza mikwaruzo isionekane. Nimeosha nyumbani kwa shampuu ya gari, mafuta yakaondoka, utando wote ukarudi, tena umeleta na wenzake: michirizi mirefu ya mawimbi inayofuata njia aliyopitisha mashine, ukiisogeza gari juani nayo inasogea. Mlio na miadi ya polishi wiki hii, kabla hujatoa hela futa kipande cha boneti kwa pombe ya isopropili iliyopunguzwa na maji, kisha mulika na tochi ya simu. Fundi akianza kukuzuia, umeshapata jibu.

Nimerudi kulalamika naambiwa jua la Dar ndilo limeharibu. Halafu bila aibu anataka niongeze hela apige seramiki, ile dawa inayoganda juu ya rangi kuilinda! Seramiki haifuti mkwaruzo, inaufungia humo humo.

Mashine ya kufanyia kazi hii ipo, ile ya kuzunguka huku inatikisika, haiunguzi rangi kirahisi. Pedi za sponji zipo, laini na ngumu, na polishi ya kumalizia ipo. Mtu mwenye haraka zake abaki kuuza matairi.

Sasa natafuta fundi mwenye hiyo mashine, mwenye kipimo cha unene wa rangi, na atakayeniruhusu nisimame pembeni muda wote anafanya kazi. Kama unamjua na umeona kazi yake baada ya gari kuoshwa mara kadhaa, njoo PM. Kama ni wewe mwenyewe fundi, weka picha za juani, za kivulini sizitaki.

Wale wa "uza ununue nyeupe" piteni kimya kimya.