Mhifadhi wa sanaa ana kazi gani baada ya vita?

Binti wa Sinza: Shikamooni wakubwa. Ninamaliza shahada ya akiolojia na urithi hapa Dar es Salaam, nami ningependa kuwa mhifadhi wa sanaa katika makumbusho. Baba ananiuliza vinyago vina faida gani kwa watu waliotoka vitani, nami sijapata la kumjibu.

Mzee wa Upanga: Marahaba, mwanangu. Mweleze habari za Msumbiji, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha mwaka 1992. Kuanzia 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilikusanya silaha zilizofichwa, likawapa waliozisalimisha majembe, baiskeli na cherehani, kisha wasanii wakazikata na kuziunga upya. Kiti alichokiunda msanii Kester mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki kiko British Museum, London. Bila maelezo ya mhifadhi, mtazamaji ataona kiti cha ajabu tu, asijue kwamba bunduki zile hazikutengenezwa Afrika.

Mchongaji wa Mwenge: Nakubaliana na mzee, ila dada asidhani atashinda na vinyago. Sehemu kubwa ya kazi ni kumbukumbu: nani alichonga, kilitoka wapi, kilichukuliwaje. Kule Songea, wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Vita vya Maji Maji aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, bado wanaulizia kichwa chake, kinachosadikiwa kupelekwa Ujerumani. Pasipo kumbukumbu, utawajibu nini?

Binti wa Sinza: Asanteni. Leo jioni nitamsomea baba majibu haya.