Naomba ushauri: kupiga simu kwa Signal, Tanga na Hamburg

Habari zenu wakubwa, na shikamooni wanaostahili.

Mama yuko Tanga, mimi niko Hamburg. Tunazungumzia mirathi ya marehemu baba, mambo ambayo sitaki yafike masikio mengine, ndiyo maana tulihamia Signal, ile programu ya ujumbe na simu zilizofungwa kwa siri. Juzi mama alibadilisha simu, na kwenye gumzo letu ukatokea ujumbe kwamba namba ya usalama imebadilika. Ni zile tarakimu 60, makundi 12 ya tano tano, ambazo watu wawili hulinganisha kuhakikisha hakuna aliyejipenyeza katikati. Tulipigiana humo humo, akavaa miwani akanisomea kundi moja moja taratibu, nami nikifuatisha kwenye kioo changu. Zote zilifanana, na sauti ilikuwa yake. Msimbo wa QR hatuwezi kuskani, tuko mbali.

Jambo jingine: niliwasha mpangilio wa kupitisha simu zote kwenye seva za Signal ili anwani zetu za IP (namba zinazotambulisha kifaa kwenye intaneti) zisionekane. Tangu hapo sauti ya mama inakatika na kuchelewa. Amejaribu bando la simu, amejaribu Wi-Fi ya jirani, nami nimewasha simu yangu upya. Hali ni ileile, na mama anachoka kurudia maneno.

Maswali yangu ni haya. Kusomeana tarakimu kwa simu ileile kunatosha, au tuthibitishe kwa njia nyingine? Na nikizima huo mpangilio, mazungumzo yanabaki yamefungwa kwa siri vilevile, au kinachofichuka ni IP tu?

Natanguliza shukrani.