Kampuni kubwa yenye dhamira au ofisi ndogo ya kawaida?

Nuru_Jioni: Wakuu, nina ofa mbili, jibu linatakiwa Ijumaa. Moja ni kampuni kubwa ya umeme wa jua, wanasema mazingira kwanza, faida baadaye. Nyingine ni ofisi ndogo ya programu za uhasibu. Niende wapi?

Kisiki: Mshahara je? Mkataba? Kazi yenyewe ni ipi? Hujasema kitu.

Nuru_Jioni: Mchambuzi wa takwimu. Mikataba yote ya kudumu, ndogo inalipa zaidi kidogo.

BintiKalamu: Kubwa! Kuna bima, kuna wa kukufundisha, na unaamka ukijua kazi yako ina maana.

Mzee_Tindo: Binti, taratibu. Nilikuwa kampuni kubwa ya huduma za afya, nayo ina dhamira tele. Ukidai malipo ya saa za ziada unaambiwa "tupo hapa kwa ajili ya wagonjwa." Mwenzangu aliahirishiwa likizo mpaka akaugua. Aliyeulizia nyongeza alionekana hana moyo wa kazi. Bajeti ilipobana, kitengo chetu kikafungwa, na barua za kutuachisha zikaanza na aya nzima ya kusifu dhamira. Bado inaniuma, maana wagonjwa tuliwapenda kweli, na upendo huo ndio waliotubania nao.

Kisiki: Dhamira bila umiliki ni maneno. Danone, kampuni ya vyakula ya Ufaransa, iliingiza dhamira kwenye katiba ya kampuni 2020. Machi 2021 bosi wake, Emmanuel Faber, akang'olewa uongozini kwa shinikizo la wawekezaji.

BintiKalamu: Na Patagonia, ile kampuni ya nguo ya Marekani? 2022 mwanzilishi wake Yvon Chouinard na familia yake walikabidhi kampuni nzima kwa mfuko wa amana (trust) na shirika la kutetea mazingira. Nayo ni maneno?

Kisiki: Huo ndio umiliki ninaousema, dada. Hujanipinga.

Fundi_Saa: Mnabishania hisa, mwenzenu ana Ijumaa. Nuru, waulize hivi: dhamira ikigongana na mauzo, bonasi ya bosi wako inafuata lipi? Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Nuru_Jioni: Nitauliza kesho, asante mkuu. Halafu ile ndogo ni ya shemeji yangu.

Mzee_Tindo: Ya shemeji! Hilo ndilo la kuanza nalo. Mkikosana kazini, utakaa naye vipi kwenye vikao vya familia?

BintiKalamu: Mzee, mimi niliajiriwa na mjomba na tuliheshimiana vizuri tu.

Mzee_Tindo: Mjomba ni damu yako, binti. Shemeji ni habari nyingine.

Fundi_Saa: Mkataba wa shemeji umeandikwa, au ni wa mdomo?